Robo Hekta ya Shangazi Yako

Uru, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Devota,

Nawasikia jikoni wewe na mama yako mkibishana juu ya lile begi. Yeye anataka uongeze unga wa ndizi, wewe unasema begi halifungi. Sitaingilia. Mambo ya begi, ya sweta ndani ya basi, ya kupiga simu ukifika, mama yako amekwisha kuyasema na atayarudia kesho njiani kuelekea stendi. Mimi nimekaa hapa barazani na kalamu kwa sababu kuna jambo ambalo mdomo wangu umeshindwa kukwambia miaka yote hii, na kesho unakwenda Morogoro kusomea upimaji wa ardhi. Nimeona si haki ukajifunze kwa mgeni kitu ambacho baba yako alikikosea hapa hapa nyumbani, na ukarudi likizo bila kujua kilimgharimu nani.

Wenzako wakikuuliza kwa nini umechagua kupima ardhi, najua utawasimulia ile siku uliyoshika futi kamba pale mpakani kwa shangazi yako Apolonia, ukiwa kidato cha tatu. Unaikumbuka kama siku nzuri. Hata mimi naikumbuka hivyo. Lakini hukuambiwa kwa nini ulikabidhiwa wewe ile futi na si mimi, wala kwa nini shangazi alikuwa hajakanyaga kwetu karibu mwaka mzima. Tulikwambia tunarekebisha mpaka. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote.

Nianze na babu yako, kwa sababu wewe ulikuwa hujatimiza miaka mitatu alipofariki na humkumbuki.

Babu yako alifanya kazi ya ukarani kwenye shamba kubwa la kahawa kule chini. Shambani kule walikuwa wakihesabu kwa hekta na ari, na alipostaafu akapanda navyo mlimani, hekta zake na ari zake, kama mtu anayerudi na lugha ya ugenini. Alikuwa akipita penye bustani ya mtu anasimama, anaipima kwa macho, anasema, hii ni kama ari mbili. Watu walikuwa wakimcheka. Huku kwetu tulijua ekari, na ekari tulijua ni hatua sabini kwa hatua sabini, basi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, yeye aliishia darasa la nne la zamani, kwa hiyo sikuwahi kumuuliza ari ni kitu gani. Nilijiambia hekta ni ekari kwa jina la wazungu. Swali lile lingenichukua dakika moja tu, tena yeye angefurahi kuulizwa.

Shangazi yako alikuwa ameolewa upande wa Holili. Mume wake alipofariki, wakwe walimpa muda wa matanga tu, kisha wakamwambia nyumba ina wenyewe. Akarudi hapa na binti zake wawili na magodoro mawili nyuma ya pikapu. Babu yako alikuwa ameshaanza kuumwa. Aliketi kitandani siku nzima, halafu akaomba karatasi. Akaandika kwa ule mwandiko wake wa kikarani, akaniita mimi na wazee wawili wa ukoo, akaisoma mwenyewe. Ilisema Apolonia apewe robo hekta ya kihamba, yaani shamba letu la ukoo, upande wa mfereji, na kinachobaki ni cha Valerian.

Wazee hawakupenda. Walisema binti hapewi kihamba, kwamba kesho ataolewa tena na atatuletea mwanamume mgeni kati ya migomba ya babu zetu. Walisema bila ukali, kama watu wanaokumbusha tu jambo linalojulikana. Babu yako aliniangalia mimi, kwa sababu ardhi iliyokuwa ikikatwa ndiyo ingekuwa yangu. Nikasimama. Nilisema kwamba dada yangu alinibeba mgongoni toka nikiwa mchanga mpaka nilipoanza shule, na mgongo huo hauwezi kulala nje mimi nikiwa ndani. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema basi, mwenye mali amekubali.

Nakwambia haya, Devota, ili ujue kwamba sikuanza nikiwa mtu mbaya. Siku ile nilikuwa kaka mwema kweli kweli, na sifa ile ya siku moja ndiyo iliyonifunga baadaye.

Tulipomaliza matanga ya babu yako nikapima. Nilichukua hatua thelathini na tano kutoka mferejini kupanda juu, na hatua thelathini na tano kwenda upande. Nusu ya sabini kila upande, ndiyo robo ya ekari. Wazee walisimama wakihesabu pamoja nami kwa sauti. Hesabu haikuwa na kasoro. Nikachimba mashimo manne, nikapanda masale, ile mimea yetu ya mpaka, kwenye pembe kama ilivyo desturi, na shangazi yako akapiga magoti pale mferejini akalia. Jumapili iliyofuata, kwenye jumuiya ya kanisani, mwenyekiti alinitaja mbele ya watu. Alisema wanaume wa huku waje wajifunze kwa Valerian.

Shangazi yako akajenga vyumba viwili, akapanda migomba, akafuga ng'ombe mmoja wa ndani. Eneo halikumtosha hata siku moja. Nyumba ilikula nafasi, migomba ikala nafasi, na pa kuotesha majani ya ng'ombe pakakosekana. Kwa hiyo alikuwa akishuka tambarare kukata majani na kupanda nayo kichwani, mara tatu au nne kwa wiki. Wewe mwenyewe umekua ukimwona akipita na ule mzigo, uso hauonekani, miguu tu. Ulikuwa ukimkimbilia kumwamkia shikamoo na yeye anakuitikia marahaba kutoka ndani ya majani, nawe unacheka.

Aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tukisafisha mfereji pamoja, akaegemea jembe akasema, kwa upole kabisa, "Valeri, hivi baba alikusudia hapa tu?"

Nikamjibu kwamba karatasi imesema robo, na robo ndiyo hii. Akasema sawa, akaendelea kulima tope.

Wakati ule nilimjibu nilichokiamini. Hilo nalo ulijue.

Sasa nakuja kwako. Ulikuwa darasa la sita. Ulikuja na daftari la hisabati, swali likisema: badili hekta mbili na nusu kuwa mita za mraba. Ulikuwa umeshaandika elfu ishirini na tano. Nikakuambia umekosea. Nikakueleza, kwa kujiamini kwa mtu anayesifiwa jumuiyani, kwamba hekta na ekari ni kitu kimoja, na ekari ni mita za mraba elfu nne na kidogo, kwa hiyo jibu ni elfu kumi na ushee. Ulibisha. Ulisema mwalimu amewaambia hekta ni mita mia kwa mita mia. Nikakwambia mwalimu anafundisha mambo ya kitabuni, mimi nimepima ardhi kwa miguu yangu. Ukachukua kifutio ukafuta jibu sahihi, ukaandika langu.

Kesho yake ulirudi ukasimama mbele yangu na daftari limefunguliwa. Palikuwa na kosa jekundu, na chini yake mwalimu ameandika: hekta moja ni mita za mraba elfu kumi, nani alikufundisha hivi? Hukulia. Ulisema tu, "Baba, wewe ndiye uliyesema."

Nilichukua lile daftari nikalisoma mara mbili. Halafu nikatoka kama naenda kumwangalia ng'ombe, nikaokota kijiti nikaandika kwenye udongo. Elfu kumi, gawanya kwa nne. Elfu mbili na mia tano. Hamsini kwa hamsini. Nikaenda kwa fundi jirani nikaazima futi kamba yake, ambayo tunaiita futi ingawa imeandikwa mita mwanzo mpaka mwisho, nikapima zile hatua zangu thelathini na tano. Hazikufika mita thelathini na mbili. Dada yangu alikuwa ameketi kwenye mita za mraba elfu moja. Elfu moja na mia tano nyingine, ari kumi na tano kwa lugha ya babu yako, zilikuwa upande wangu wa masale, na juu yake kulikuwa na kahawa yangu nzuri kuliko zote na banda la ng'ombe.

Nilirudisha futi ya watu. Nikala chakula cha jioni. Sikusema.

Mwanangu, miaka minane ya mwanzo nilikosea. Mitatu iliyofuata niliiba. Nimetafuta neno jingine la kuweka hapo na sijalipata. Nilikuwa na sababu nyingi: kwamba wazee walishuhudia, kwamba kuchimbua mpaka kutaleta maneno, kwamba dada mwenyewe amenyamaza, kwamba kahawa ile niliipanda kwa jasho langu. Zote zilikuwa sababu zinazosimama vizuri mradi usizisogelee karibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeizoea ile sifa. Mtu akishaitwa kaka mwema mbele ya jumuiya nzima, ni vigumu kusimama mbele ya jumuiya ile ile na kusema kwamba huyo kaka ndiye aliyekalia sehemu kubwa ya alichokitoa.

Na wewe nilikukosea kivyako. Sikwenda kwa mwalimu kumwambia kwamba kosa lile lilikuwa la baba. Nilikuacha uonekane umekosea swali ulilokuwa umelipata. Tangu siku ile kila ulipokuja na hisabati nilikwambia umeshanipita, nenda ukajisomee. Ulifurahi, ukadhani nakusifu. Nilikuwa nakimbia daftari.

Masika ya mwaka uliokuwa kidato cha pili, huko Kibosho bwenini, shangazi yako aliteleza. Alikuwa anapanda na majani, njia imejaa matope, akaanguka na mzigo ukamwangukia. Alivunjika mfupa wa paja. Wewe tulikwambia ameumia mguu kidogo, ili usiache kusoma.

Nilikuwa nikimpelekea mtori hospitalini. Siku moja nilimkuta akizungumza na mama mmoja wa kitanda cha jirani. Aliponiona akanishika mkono akamwambia yule mama, "Huyu ni mdogo wangu. Kama si yeye, mimi na wanangu tungekuwa tumepanga chumba kule mjini. Wanaume wangapi wa huku wamewapa dada zao ardhi?" Yule mama akanitazama kwa heshima, akasema Mungu anibariki. Nilikuwa nimeshika kijiko cha mtori. Nikakirudisha kwenye bakuli. Nikaaga upesi, nikasema nawahi gari.

Sikuwahi gari lolote. Nilitembea na mama yako, aliyekuwa akiningoja nje, tukipanda kurudi nyumbani, na njiani nikamwambia yote. Alisimama. Unamjua mama yako akisimama katikati ya njia hivyo. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza, "Umejua tangu lini?"

Nikamwambia tangu lile daftari lako la darasa la sita. Akaanza kutembea tena, akawa mbele yangu muda mrefu bila kugeuka. Tulipokaribia kanisani nikamwambia kesho nitakwenda kwa dada na sale nimwombe msamaha. Unajua mwenyewe, kwetu mtu akiletewa jani la sale lililofungwa fundo, hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Hapo ndipo mama yako aligeuka.

"Usimpelekee sale," alisema. "Ukitanguliza sale utakuwa unamfunga mdomo. Mpe kwanza ardhi yake, halafu umwache akasirike."

Nimeishi na mama yako miaka mingi na ameniambia mambo mengi ya maana, lakini hilo ndilo ninalolishika zaidi. Nilikuwa nimetafuta njia ya kusamehewa kabla ya kuumia.

Shangazi yako alipotoka hospitalini na magongo, nilimwacha apumzike wiki moja, kisha nikaenda na karatasi ya babu. Nilimweleza hekta ni nini na ekari ni nini. Nilimwambia alistahili hamsini kwa hamsini, na nilimpa nini. Alisikiliza huku amekaza macho kwenye mguu wake uliofungwa. Nilipomaliza aliuliza swali lile lile la mama yako. Nikamjibu vilevile. Hakupaza sauti.

"Miaka mitatu, Valeri," alisema. "Nimebeba majani miaka mitatu, na pa kuotesha majani yangu pako kwako."

Halafu akaniambia niende nyumbani. Nikaenda.

Kesho yake tulianza, mimi na mama yako. Tukapima hamsini kupanda kutoka mferejini, hamsini kwenda upande. Tukabomoa banda la ng'ombe na kulijenga upya huku nyuma, pale ulipolikuta uliporudi likizo ukashangaa. Tukang'oa masale ya zamani na kuyapanda kwenye mpaka mpya. Ile mibuni yangu yote mizuri ikabaki upande wake na kahawa ikiwa imeanza kuiva. Nilijiandaa kuona uchungu juu ya mibuni ile. Ajabu ni kwamba sikuusikia. Uchungu nilioupata ulikuwa wa kitu kingine: dada yangu alikaa mlangoni kwake akitutazama siku zote tatu.

Aliipokea ardhi. Mimi hakunipokea. Krismasi ilifika, watu wakarudi kutoka Dar na Arusha, nyumba zikajaa, yeye akala kwake na wanawe. Mama yako alimpelekea kiburu cha ndizi na maharage, akakipokea kwa ajili ya mama yako, na kesho yake bakuli likarudi limeoshwa safi, limewekwa juu ya jiwe pale mpakani. Nilikuwa nikimwona kila siku kupitia migomba. Nilikuwa nimedhani nikisharudisha kilicho chake, na moyo wake utarudi pamoja nacho. Nikajifunza kwamba ardhi inaweza kurudi kwa siku tatu, na mtu akachukua muda anaoutaka yeye. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja bila kujionea huruma.

Ndipo wewe ukaja likizo ya kidato cha tatu. Shangazi yako akamtuma binti yake mkubwa aje na maneno haya: Devota aje apime, vipimo vya baba yake nimevichoka. Ulidhani ni utani. Ukachukua futi kamba ukaenda ukiruka, na mimi nikafuata nyuma; nilikuwa nimepima mara mbili na nilikuwa na uhakika.

Ulipima upande, ukasema hamsini, sawa. Ulipofika kwenye kupanda, ukasita. Ukaangalia mteremko, ukaangalia futi iliyolala chini juu ya majani, ukasema hapana. Nikakwambia nimepima mwenyewe, ni hamsini kamili.

"Baba, wewe umepima mlima," ulisema. "Ardhi inapimwa tambarare."

Sikuelewa. Ukanieleza, mbele ya shangazi yako na magongo yake, kwamba mwalimu wenu amewafundisha kuwa ukilaza futi kwenye mteremko unapata urefu wa mteremko, na eneo halihesabiwi hivyo. Linahesabiwa kana kwamba mlima umelala. Ukaomba uzi, ukafunga jiwe, ukanishikisha mwisho wa futi. Ukawa unainyoosha sawasawa hewani, unateremsha jiwe, unaweka alama, unasogea, kipande kwa kipande kama anayepanda ngazi. Ulikuwa na miaka kumi na mitano na ulimi wako uko nje pembeni ya mdomo, kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa mdogo ukijifunza kuandika jina lako. Tulipofika juu ukajumlisha. Ilipungua mita moja na nusu.

Nilitamani udongo unimeze. Kisha nikasikia sauti ambayo nilikuwa sijaisikia karibu mwaka mzima. Shangazi yako alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea mgomba.

"Huyu hata akitubu anapunja," alisema.

Ukacheka na wewe bila kujua unacheka nini. Mama yako akacheka. Mimi nikachukua jembe nikang'oa yale masale kwa mara ya pili, nikayasogeza juu mita moja na nusu ya tambarare, na machozi yalinitoka lakini mvua ilikuwa inanyesha kidogo, kwa hiyo hukuyaona. Nilipomaliza kushindilia udongo, shangazi yako akaniita jina langu kamili, kama alivyokuwa akiniita tukiwa watoto. Akasema sasa naweza kuleta sale langu. Nikachuma jani, nikalifunga fundo, nikampa kwa mikono miwili. Wewe ulikuwa umeshakwenda kunawa.

Hiyo ndiyo siku yako, Devota. Ndivyo ilivyokuwa upande wangu.

Sitaki udhani kila kitu kilipona. Shangazi yako anachechemea mpaka leo, na kila kipupwe mguu unamsumbua. Yapo majani upande wake sasa, ng'ombe ni wawili, haendi tena tambarare. Lakini kuna siku tunakaa naye vizuri, tunanywa chai, na ghafla ananitazama kwa namna fulani, nami najua yuko kwenye ile njia ya matope na mzigo kichwani. Huo mtazamo nao ni haki yake.

Huko uendako watakupa vyombo ambavyo mimi hata majina yake siyajui, na utapima hekta mia kwa siku moja. Utafika mahali watu wamekaa wakikungoja, watakuita mtaalamu. Utasema hekta sifuri nukta kadhaa, nao watatikisa vichwa kukubali kama nilivyotikisa mimi babu yako alipokuwa akisoma ile karatasi. Usikiamini kichwa kinachotikiswa. Mara nyingi kando ya watu hao kutakuwa na mama mmoja ambaye haulizi kitu, kwa sababu amezoea kuambiwa robo ni robo. Mfuate huyo. Tembea naye kuzunguka mpaka, mguu kwa mguu, mpaka akwambie mwenyewe kwamba amepaona.

Na utakosea. Sikuombei usikosee, maana sijaona mtu wa namna hiyo. Siku ukijua kwamba umekosea, nenda siku hiyo hiyo, hata kama jua linazama na kila mtu amekwisha kukushukuru. Mimi nilipitisha jioni moja tu, nikaona si kitu, na jioni hiyo ikazaa miaka mitatu.

Jambo la mwisho, na hili nilikuwa nimeagizwa nikwambie kwa mdomo, lakini nimeona niliandike ili libaki.

Juzi ulipokuwa mjini kununua viatu, tulikaa hapa kikao kidogo. Alikuwepo mama yako, shangazi yako, na yule mzee mmoja wa ukoo aliyebaki. Upande wangu imebaki nusu hekta, ipungue au izidi kidogo. Mimi na mama yako tumeamua igawanywe sawa kwa sawa, robo hekta kwa mdogo wako Gaspari na robo hekta kwako, upande wa juu unaopakana na shangazi. Mzee alisikiliza vizuri. Hakukataa. Aliuliza tu, kwa upole ule ule wa miaka ile, itakuwaje binti akiolewa mbali.

Nilifungua mdomo nimjibu. Shangazi yako akaweka fimbo yake juu ya magoti akanitangulia.

"Mimi pia niliolewa mbali," alisema.

Mzee akainama akatazama mikono yake. Akaomba kalamu, akatia sahihi. Karatasi anayo mama yako. Imeandikwa mita za mraba elfu mbili na mia tano, kwa tarakimu na kwa maneno, na majina yako yote matatu.

Nenda salama, mama.

Baba yako,
Valerian